Mbwa Anayepima Hali

Katika mashindano ya Mondioring kuna zoezi moja ninaloliona kuwa kipimo halisi cha kazi ya mkufunzi wa mbwa: kumlinda bwana. Mwenye mbwa anatembea uwanjani, mbwa wake hana kamba, bega la mnyama likienda sambamba na goti la mtu. Anatokea msaidizi aliyevaa suti nene ya kuzuia meno. Anasogea, anasalimia, pengine wanapeana mikono na kuzungumza kidogo. Anaweza kupaza sauti, kutupa kofia chini, kuondoka kisha akarudi. Muda wote huo mbwa haruhusiwi kumgusa. Lakini msaidizi akimpiga bwana, mbwa anatakiwa awe ameshang'ata hapo hapo. Akiwahi, alama zinapungua, akichelewa, vilevile. Kisa chenyewe hupangwa na jaji na hubadilika kutoka shindano moja hadi jingine. Mwenye mbwa huelezwa siku hiyo. Mbwa haelezwi.

Ukali peke yake haumfikishi mbwa hapo. Mbwa wakali tunao wengi, na mageti ya Nairobi na Dar es Salaam yameandikwa onyo lao kwa rangi nyekundu. Aliye adimu ni yule anayeweza kutofautisha mkono unaosalimia na mkono unaopiga, hata kama mtu, uwanja na nguo vyote ni vipya kwake.

Kazi hii ina zaidi ya karne moja huko Ulaya. Polisi wa mji wa Gent, Ubelgiji, walianza kutumia mbwa katika doria za usiku mwaka 1899, na mwaka huo huo Max von Stephanitz alianzisha chama cha mbwa wachungaji wa Kijerumani. Waholanzi walipata chama chao cha mbwa wa polisi, KNPV, mwaka 1907. Mondioring ilikuja baadaye sana, miaka ya 1980, ikichota kwenye desturi za nchi hizo na za Ufaransa. Katika mchezo wa Kijerumani, ambao siku hizi unaitwa IGP, mbwa wa daraja la juu hupekua maficho sita kwa utaratibu uleule mwaka hadi mwaka. Siudharau, maana usahihi wake unapendeza kuutazama. Ila mbwa mwerevu anaweza kuukariri. Waliobuni Mondioring waliziba mwanya huo makusudi: mpangilio wa mazoezi hubadilika, uwanja hupambwa upya kila mara, na msaidizi anaweza kumpokea mbwa kwa maji, chupa tupu zinazogongana au pazia la matawi. Daraja la tatu lina alama 400, na haiwezekani kuzipata kwa kukariri.

Ugumu unaanzia kwenye namna mbwa anavyojifunza. Mbwa hafundishwi amri peke yake, anafundishwa pamoja na mahali. Aliyejua kukaa jikoni anaweza kusimama kama mgeni ukimpa amri ileile sokoni, kwa sababu kwake sakafu, harufu na pale bwana aliposimama vyote vilikuwa sehemu ya somo. Ndivyo anavyoharibika mbwa anayefundishwa kung'ata mkono mmoja wa kinga anaouvaa msaidizi, siku zote uleule. Anaishia kuupenda ule mkono. Mtu akiuvua na kuutupa, mbwa anaukimbilia huku mtu mwenyewe akienda zake. Wakufunzi makini huanza mapema kuificha kinga chini ya koti la kawaida, na siku nyingine humvisha mbwa kizuizi cha mdomo ili ajifunze kupambana na mtu badala ya kitambaa.

Msingi wenyewe hujengwa kabla mbwa hajajua kung'ata. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kuuchapisha mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya takriban wiki ya tatu na ya kumi na mbili mtoto wa mbwa yuko wazi zaidi kuuzoea ulimwengu. Kwa hiyo mfugaji mzuri hutandika turubai na bati, humwaga rundo la chupa za plastiki, humpandisha kinda ngazi zenye uwazi, na juu ya vitu hivyo wanavutana tambara. Ukitazama haraka utadhani ni mchezo mtupu.

Baadaye kunakuja kanuni ninayoiheshimu kuliko zote: ukibadilisha jambo moja, rahisisha mengine. Chukua mbwa wa aina ya Malinois anayeng'ata vizuri kwenye nyasi, mdomo umejaa, ametulia. Mpeleke kwenye vigae vinavyoteleza. Kucha zinakwaruza, miguu ya nyuma inatawanyika, na sasa ameshika kwa meno ya mbele tu, ananguruma, macho yanazunguka. Msaidizi asiye na subira atamzidishia shinikizo hapo hapo, na pengine atamvunja moyo kabisa. Msaidizi stadi hufanya kinyume. Anaegemea nyuma kidogo, analegeza mvuto, anampa mbwa nafasi ya kupata pa kukanyaga. Mbwa anasukuma mbele na kushika kwa mdomo mzima. Papo hapo msaidizi anashindwa: anapiga kelele, anayumba, anaachia. Mbwa ameondoka na somo kwamba akiona mashaka, dawa ni kushika kwa kina zaidi. Kesho yake ni vigae vingine, au ni giza, au ni mtu aliyekaa kwenye kiti. Si vyote kwa siku moja.

Huyu mtu wa kwenye suti ndiye ningependa sifa zimfikie. Anatakiwa aonekane mhalifu mwenye hasira huku akili yake yote ikiwa kwenye masikio, mkia na taya za mbwa. Mbwa anapomfikia kwa kasi, yeye hugeuka naye ili shingo ya mnyama isipokee kishindo chote. Mwenye mbwa hupigiwa makofi. Kazi kubwa imefanywa na aliyeanguka chini.

Tena kuna kuachia na kuzuiwa. Mbwa hutumwa mbio, na zikiwa zimebaki hatua chache amfikie mtu, anaitwa arudi bila kung'ata. Hapa mkufunzi anacheza na mizani nyembamba. Akimwita mara nyingi mno, mbwa anaanza kupunguza mwendo akisubiri kuitwa. Asipomwita, siku ya siku hasikii. Kwa hiyo mara nyingi humwacha afike, na mara chache humzuia, bila mpangilio wowote ambao mbwa angeweza kuubashiri.

Kwa anayetaka kununua mbwa wa ulinzi huku kwetu, ningemshauri asiridhike na onyesho la kwenye uwanja wa muuzaji. Aombe mbwa apelekwe mahali ambapo hajawahi kufika, akutane na mtu asiyemjua, kwanza kwa salamu tu. Kisha aone kama mbwa huyo, akishashika, ataachia kwa neno moja la bwana wake.