Gemu lisilokuruhusu kuruka

Ukiliona jina lake utadhani kibodi ya mtu imekwama: VVVVVV. V sita, basi. Ukiziangalia vizuri utaona ni safu ya miiba, na humo ndani miiba ndiyo imejaa. Gemu hili lilitoka Januari 2010, kazi ya Terry Cavanagh wa Ayalandi, na likizo ya Desemba ndilo lililotukesha mimi na mdogo wangu pale Katesh, blanketi moja, kompyuta yangu kuukuu ikiunguruma kama mashine ya kusaga.

Mdogo wangu alikuwa amerudia hesabu ya kidato cha nne mwezi Novemba, anasubiri matokeo. Nyumbani hakuna aliyeligusia jambo hilo. Mi nilimfungulia gemu ili tu mikono yake ipate kazi.

Hadithi yake ni fupi. Wewe ni Nahodha Viridian, kijimtu cha rangi ya samawati kinachotabasamu muda wote, isipokuwa kikifa. Chombo chako cha anga kimeharibika, wenzako watano wametawanyika, kawatafute. Hakuna bunduki, hakuna duka. Hata kuruka hakuna. Tangu Super Mario Bros. ya mwaka 1985, magemu ya aina hii kitufe chake kikuu ni cha kuruka. Cavanagh amekiondoa, akaweka cha kugeuza uvutano. Ukibonyeza, dari inakuwa sakafu. Na ukishaanza kuanguka huwezi kughairi: unaweza kwenda kushoto au kulia, lakini kugeuza tena mpaka kwanza uguse kitu.

Hapo ndipo mtu wa fizikia ananogewa. Kuruka kwa kawaida ni ule mpinde tuliochora sekondari: unapanda huku kasi ikipungua, unasimama kidogo sana, unashuka. Mkono unaujua hata kabla ya darasa, muulize yeyote aliyewahi kuchunga akarusha jiwe mbele ya ng'ombe mkorofi. Viridian hana mpinde huo. Yeye anaanguka juu kama sisi tunavyoanguka chini, tena anafikia upesi kasi ya kikomo, kama tone la mvua ambalo hewa hulizuia lisizidi kuongeza mwendo. Kwa hiyo anatabirika. Ukimwona alipo unajua atatua wapi, na akitua pabaya unajua umekosea wewe. (Mwaka 2020, gemu lilipotimiza miaka kumi, Cavanagh aliuweka hadharani msimbo wake, kwa hiyo anayetaka kuona uvutano huo umeandikwaje anaweza kwenda kuusoma mwenyewe.)

Na utakosea sana. Unagusa mwiba, sura inanuna, na kabla hujamaliza kulalamika umeshasimama tena, mara nyingi katika chumba hichohicho.

Wengi wanaolisifu husema utamu wake ni ugumu. Mimi sikubali. Ugumu ni rahisi kuutengeneza, weka tu miiba mingi. Utamu wa VVVVVV ni ufupi wa muda kati ya kosa na kulirekebisha. Kuna jaribio la siku nyingi ambapo mtu anavaa miwani ya prizimu inayosogeza kila kitu upande, kisha anarusha mpira kwenye shabaha. Mara za kwanza anakosa vibaya. Baada ya kurusha mara kadhaa ubongo unajirekebisha, anapiga katikati. Lakini ukichelewesha hata kidogo kumwonyesha mpira ulipotua, kujirekebisha kunazorota. Ubongo unataka jibu likiwa bado la moto. Na hapa ndipo uchache wa vitu unapofanya kazi kweli, si pambo: chumba kimoja skrini moja, rangi chache, hakuna moshi wala kamera ya kuzunguka. Sababu ya kifo chako iko pale, unaitazama.

Kuna chumba kimoja ambacho walicheza gemu hili hawakisahau. Mbele yako kuna kipambo kinachong'aa, kimojawapo cha vile 20 vilivyofichwa, na kati yenu kuna kitofali kidogo. Kuku angekivuka. Wewe huwezi, maana huruki. Itabidi uanguke juu, upite vyumba kadhaa vya miiba bila kugusa ukuta, ugeuze, kisha uanguke njia ileile hadi upande wa pili. Chumba kimeitwa, kwa Kiswahili changu, "Kufanya mambo kwa njia ngumu". Majina ya vyumba aliyatunga Bennett Foddy, yuleyule ambaye mwaka 2017 alitoa Getting Over It, gemu la mtu aliyemo ndani ya chungu anayepanda mlima kwa nyundo. La Foddy halina pa kuanzia katikati. Ukiteleza karibu na kilele unaweza kurudi hadi chini kabisa.

Baba alipita, akatazama dakika mbili, akauliza huu ni mchezo gani mtu anakufa hivyo. Sikumjibu. Katesh, baada ya lile tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang Desemba 2023, watu wanajua kuna kuanguka kusikorudiwa, na gemu lolote linalorahisisha kifo linasikika vibaya. Nadhani ana haki. Ila Viridian hafi kwa maana hiyo. Anakosea tu, kama chaki inayofutwa.

Si kila kitu humo ni kizuri. Kuna sehemu unakaa katikati ukikwepa vitu vinavyokuja kutoka kushoto na kulia, na hapo ni wepesi wa vidole tu, hakuna cha kuelewa. Ukishindwa unaweza kupunguza mwendo wa gemu kwenye mipangilio, tena hukejeliwi kwa kufanya hivyo. Sisi tulipunguza. Sioni aibu.

Usiku wa tatu mdogo wangu alikuwa bado kwenye kile kitofali. Sikuwa nimemsikia akizungumza juu ya mtihani tangu Novemba. Akasema bila kugeuza kichwa: "Dada, hapa nikikosea naonyeshwa. Kule mwaka jana nilisubiri miezi miwili nikaambiwa F tu. Swali gani lilinishinda mpaka leo sijui."

Kipambo alikipata karibu saa saba usiku. Kesho yake, matokeo bado hayajatoka, alileta daftari la hesabu jikoni nikiwa nasonga ugali. Akataka nisahihishe swali moja moja kila anapomaliza, nisisubiri yafike ishirini.