Kijana wa bweni kati ya ‘mwa’ na ‘kwa’

Hebu tujaribu kutafsiri kichwa cha kitabu kimoja tu. Mwaka 2012 Ngũgĩ wa Thiong’o alichapisha In the House of the Interpreter, kumbukumbu za ujana wake katika shule ya bweni ya Alliance, kuanzia 1955 hadi 1958. Tuseme ‘Nyumbani mwa Mfasiri’ au ‘Nyumbani kwa Mfasiri’?

Msomaji asidhani huu ni mchezo wa wanasarufi. ‘Mwa’ hutaja ndani, penye kuta na paa. ‘Kwa’ hutaja mahali ambapo mtu ana watu wake. Ndiyo maana hatuulizani “Mwenu ni wapi?” bali “Kwenu ni wapi?”

Kitabu chote kimesimama juu ya tofauti hiyo. Mwishoni mwa muhula wa kwanza, kijana anarejea likizoni na kukuta kijiji chao kimebomolewa. Ni wakati wa Hali ya Hatari, na wanavijiji wamehamishiwa kwingine, chini ya ulinzi. Kakaye yuko msituni na Mau Mau. Anayo sare, kitanda na kengele ya mwalimu mkuu Carey Francis. Yaani anayo ‘mwa’. ‘Kwa’ imevunjwa. Ubora wa kumbukumbu hizi ni kwamba Ngũgĩ haipaki shule rangi ya peponi wala ya jela. Inamlinda, na papo hapo inamfanya mgeni miongoni mwa watu wake.

Kasoro naiona katika lugha. Mwandishi huyu, aliyetangaza katika Decolonising the Mind (1986) kwamba anakiaga Kiingereza, alizisimulia kumbukumbu hizi kwa Kiingereza. Matokeo yake, sauti ya shuleni na sauti ya nyumbani zinatufikia zikiwa zimevaa sare moja. Hatusikii ulimi ukigeuka langoni. Na kwa kijana wa bweni, nionavyo mimi, hapo ndipo kukua kunakosikika.

Basi tukisome kitabu hiki tukiwa Eastlands. Kijana wa Kaloleni, Makongeni au Jericho anayebeba sanduku kwenda bweni ana makao matatu. Kuna mtaa, alikozaliwa na kujifunza Sheng. Kuna ushago, ambako babu yake husema ndiko kwao hasa. Na kuna bweni, anakopokelewa kama ‘mono’ na kuonywa kwamba Sheng itaharibu insha zake. Muulize “Kwenu ni wapi?” naye kwanza atakutazama ajue wewe ni nani. Akirudi Agosti, mamaye, ambaye mtaani ni ‘mathe’, anamuuliza habari za shule. Jibu ni moja tu: “Poa.” Wazazi hulalamika eti mtoto amekuwa bubu. Huenda si bubu; anatafuta ni lugha ipi kati ya tatu itakayobeba aliyoyaona, yakiwemo yale yanayomtisha.

Lakini Eastlands pia inatukataza kuharakisha hukumu. Mwaka 1959, mwaka mmoja tu baada ya Ngũgĩ kumaliza Alliance, Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo walianzisha kituo cha Starehe, karibu na mtaa wa Ziwani, kwa vibanda viwili vya mabati. Walikusanya wavulana wasio na pa kurudi. Kwa vijana kama hao, bweni halikuwatoa kwao. Ndilo lililokuwa kwao. Kwa hiyo ‘mwa’ inaweza kugeuka ‘kwa’. Kuta pekee hazitoshi kuigeuza. Lazima awepo wa kumsikiliza kijana.

Hapa ndipo fasihi yetu ya Kiswahili inapodaiwa. Ana bahati mwandishi wetu: lugha yake inaweza kuandika Kiswahili cha darasani na Sheng ya mtaani katika ukurasa mmoja bila kuhama nyumba. Ila tukiendelea kuifuta kila ‘mathe’ kwa kalamu nyekundu, tutapata insha safi za vijana ambao hatuwajui. Nami ningekitafsiri kichwa kile ‘Nyumbani mwa Mfasiri’. Ngũgĩ alikaa mle miaka minne, lakini kwao kulibaki kwingine.