Si Fedha Bandia
Katika mswada mmoja wa tafsiri uliotufikia, neno la Kijerumani Notgeld limefasiriwa "fedha bandia". Hatukubaliani. Kitu bandia hukusudiwa kudanganya, ilhali sarafu za zinki na chuma zilizotolewa na miji ya Ujerumani wakati wa Vita vya 1914–1918 zilitaja waziwazi mji uliozitoa. Shaba na nikeli zilihitajiwa vitani, chenji ikaadimika, na biashara ndogondogo zikakwama. Msomaji wa tafsiri hiyo atadhani mameya walikuwa waghushi! Tunapendekeza "sarafu za dharura za miji". Neno "miji" lisiachwe: sarafu za heller 20 zilizofuliwa Tabora mwaka 1916 (heller ndiyo iliyotupa "hela") zilikuwa za dharura pia, lakini zilitolewa na serikali ya kikoloni.