Jiko la Wote

Alilipokea jiko langu, akaligonga kwa kifundo cha kidole mara mbili, akatega sikio. Lilitoa sauti butu. "Hili halikuiva, mwanangu," akasema yule mzee wa Shauri Moyo, akanirudishia. Nilikuwa nimelinunua mahali pengine majuma matatu nyuma, bei poa, na udongo wa ndani ulishapasuka toka mdomoni hadi kwenye matundu ya majivu.

Nikakaa kwenye kigoda chake asubuhi nzima, Nairobi ikipiga kelele zake. Bati lilitoka kwenye pipa kuukuu. Alilipima kwa kamba yenye mafundo matatu, akalikata, akaligongagonga likaingia kiuno na kusimama kama ngoma. Kiuno kile si pambo. Jiko la Thailand, ambalo mapema miaka ya 1980 lilichukuliwa kuwa kielelezo cha haya yetu, lilikuwa na umbo la ndoo, udongo umefunika ndani yote. Wataalamu, mafundi wa jua kali na akina mama wapishi walilikosoa na kulirekebisha: udongo ukabaki nusu ya juu tu, kiuno kikiushika usidondoke, kitako kikapanuliwa ili mwiko wa ugali usiliangushe. Ile sababu ya mwiko, mzee aliijua. Kijana aliyeniuzia langu, sidhani.

Jiko hilo lililorekebishwa, hakuna aliyelisajili likawa mali yake. Kwa hiyo lilienea. Tanzania wakaliita jiko bora. Uhuru huo naupenda, na ndio unaoniudhi. Anayeiga huliona umbo, haoni tanuri. Udongo unaochomwa haraka hufanana kabisa sokoni na ule uliochomwa ukaiva, na saruji iliyotiwa vermikulaiti ya kuzuia joto imejificha katikati ya bati na udongo, nani ataikagua? Kisha likipasuka, umlaumu nani? Jiko ni la wote.

Siku hizi wenye kompyuta wana jina la mambo haya: ubunifu huria. Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath alianzisha RepRap mwaka 2005, mashine ya kuchapa vipuri, vikiwemo vingi vya mashine yenyewe, na michoro akaiachia dunia. Ni ukarimu mkubwa. Lakini programu yenye kosa hurekebishwa usiku mmoja, asubuhi kila mtu anayo mpya. Jiko lenye kosa limeshafika Kitui, limeshatelekewa maharagwe.

Zamani aliyekuwa na jambo la kurekebisha alivuka uchochoro tu akamwambia mwenzake. Sasa mchoro unasafiri peke yake, kama barua iliyong'olewa ukurasa wa pili. Niliwauliza vijana wawili pale jirani kiuno ni cha nini. Mmoja alisema ni mtindo.

Msomaji, ukienda kununua jiko, usianze na bei. Ligonge.