Upenu Mfupi, Ukuta wa Udongo

Ukitoka Korogwe mjini kwenda Handeni masika yakiwa yameisha, zitazame nyumba za kando ya barabara kuanzia dirishani kushuka chini. Sindeni na vijiji vya jirani utaiona alama ileile, nyumba baada ya nyumba. Juu bati linang'aa na ukuta umenyooka. Chini, kutoka ardhini hadi usawa wa goti la mtu mzima, udongo umelika, fito zimebaki wazi, na mlunda mmoja au miwili imeanza kuoza. Mwenye nyumba hulaumu udongo wa shambani kwake. Fundi husema palikosekana saruji. Mimi naona chanzo kiko juu, pale bati linapokomea, kwenye upenu. Hapo ndipo nyumba ya kawaida ya Handeni na Korogwe inapolindwa au kupotea, na mambo manne tofauti hukutana hapo: mvua, upepo, mbu na siku hizi umeme.

Nyumba za zamani za Wazigua na Wasambaa zilijengwa kwa udongo na miti kama za leo, lakini kuta zake zilidumu, kwa sababu paa la nyasi lilishuka chini sana. Upenu ulitoka mbali na ukuta, na kwenye msonge nyasi zilikaribia kugusa ardhi. Nyasi nazo hunywa sehemu ya mvua, na inayobaki huiachia polepole. Bati lilipoingia lilileta faida ambazo hakuna anayeweza kuzibeza. Halishiki moto kwa cheche ya jikoni, halifugi nyoka wala panya, na halidai kuezekwa upya kila baada ya misimu michache. Lakini bati hununuliwa kwa fedha taslimu, na anayejibana hupunguza pale asipopaona kuwa na kazi, yaani ule urefu unaotokeza nje ya ukuta. Tukabadilisha paa, tukafupisha upenu, ukuta tukauacha uleule wa mbavu za mbwa. Hilo ndilo kosa la kiufundi, na limerudiwa kwenye maelfu ya nyumba bila mtu kulipa jina.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua ikidondoka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua paa linalofunika eneo la mita 9 kwa 7, yaani mita 63 za mraba, lenye migongo miwili inayomwaga maji mbele na nyuma. Mvua moja nzuri ya milimita 30 inaangusha juu ya paa hilo zaidi ya lita 1,800. Bati halinywi kitu, kwa hiyo karibu maji yote yanashukia kwenye michirizi miwili ya urefu wa mita 9 kila mmoja. Kila mita ya ukuta wa mbele na wa nyuma inapokea lita 100 na ushee miguuni pake, ndoo tano kubwa, ndani ya saa moja au mbili. Na hiyo ni mvua moja tu kati ya nyingi za masika.

Maji hayo hufanya kazi mbili. Kwanza yanachimba. Tone linalodondoka kutoka mita 2 na nusu hupiga ardhi na kurusha tope ukutani, na ndiyo maana alama ya mmomonyoko huishia magotini na haifiki kifuani. Pili yanapanda. Ardhi iliyolowa chini ya ukuta hupandisha unyevu ndani ya udongo, taratibu, bila mtu kuona. Udongo ulioshiba maji hupoteza nguvu, ukikauka hupasuka, mvua ifuatayo huingia kwenye ufa. Mchwa hupenda unyevu huo, na mti uliolowa kwa muda mrefu huwa rahisi kwao kuula. Ndiyo sababu nguzo ya nyumba karibu kila mara hukatika usawa wa ardhi, hata kama juu bado ni ngumu.

Hapa kuna tiba inayopendwa sana ambayo mara nyingi huongeza ugonjwa: kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Inapendeza mwaka wa kwanza. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kirahisi, ilhali udongo ulio nyuma yake hutanuka na kusinyaa kila msimu. Unyevu uliopanda kutoka chini unakosa pa kutokea, unakaa nyuma ya lipu, na siku moja kipande kizima kinabanduka pamoja na udongo wake. Ukuta wa udongo unahitaji lipu inayofanana nao: udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, au chokaa, ambayo mkoa wa Tanga umejaliwa mawe yake. Saruji mwenye nyumba aipeleke chini. Ajenge kibaraza cha mawe au zege kuzunguka nyumba, kiinamie nje, ili maji yanayodondoka yakute kitu kigumu na kuondoka. Kama mfuko mmoja wa saruji ndio wote alionao, mfuko huo uende kwenye kibaraza, wala asiupeleke ukutani.

Nyumba inayojengwa leo inaweza kutoa upenu wa sentimita 60, hata zaidi. Fundi mwangalifu atapinga, na ana haki, kwa sababu upenu mrefu unashikwa na upepo. Upepo wa dhoruba ukiingia chini ya upenu husukuma bati kwenda juu, na wakati huohuo ule unaopita juu ya paa hulivuta. Nyumba nyingi zinazoezuliwa huanzia ukingoni. Dawa yake ni kuufunga upenu vizuri, bila kuufupisha. Misumari ya bati yenye raba ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe isipigwe kwenye bonde ambamo maji hupita, na iwe ya karibukaribu kwenye kingo kuliko katikati. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya mnene au mkanda wa chuma ulioanzia ndani ya ukuta, kozi kadhaa chini ya juu kabisa. Kwenye nyumba ya miti, waya ushike nguzo yenyewe. Kenchi iliyopigiliwa msumari mmoja juu ya mti uliolala ukutani haijafungwa, imewekwa tu. Na anayenunua bati akumbuke kwamba namba ya geji ikipanda, unene unashuka: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, hata kama rangi yake inavutia zaidi.

Mvua za vuli za mwaka 2019 zilionyesha ukubwa wa jambo hili. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, na mwezi Oktoba mafuriko yaliikumba Handeni na Korogwe, yakaua watu na kuharibu barabara na nyumba. Upenu mzuri hauzuii mto uliofurika, na aliyejenga bondeni anahitaji kuhama. Lakini mvua kama hizo huangusha pia nyumba zilizo mbali na mto wowote. Ukuta uliokuwa umelika miguu kwa miaka kadhaa hungoja usiku mmoja wa maji mengi, kisha huwaangukia waliolala. Ukiona ukuta umelika chini kiasi cha theluthi ya unene wake, au umeinama, usilaze mtoto upande huo hata kama mbingu ni nyeupe.

Jambo linaloniuma katika hesabu ile ya lita 1,800 ni kwamba tunazungumzia Handeni. Hii ni wilaya iliyojulikana kwa kiu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ni wilaya ya malambo, na ya akina mama kuamka usiku kufuata maji. Bomba kuu la HTM, lililojengwa miaka ya 1970 kuleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, halijawahi kuitosheleza. Mradi wa maji wa miji 28, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022, umezijumuisha Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani kwa kutegemea mto huohuo. Ni kazi kubwa na inastahili kukamilika. Hata hivyo, maji yanayobomoa msingi wa nyumba ya Mzigua yameshafika uani kwake bila pampu.

Gata moja inafanya kazi zote mbili: inauondolea ukuta mzigo na kumpa mwenye nyumba maji. Tukiondoa moja ya tano kwa ajili ya kinachorukia nje na kuvuja, mvua ile ya milimita 30 inaacha lita 1,500 hivi, ndoo 75. Kwa mwaka wenye mvua ya milimita 800, paa hilohilo linatoa takribani lita 40,000. Tanki la lita 5,000 haliwezi kuhifadhi yote hayo, na halihitaji. Watu sita wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupikia tu, tanki lililojaa mwishoni mwa masika linawafikisha karibu na vuli, maana ni siku zaidi ya 160. Kufua na kuoga watatafuta kwingine.

Kazi hii huharibika kwenye mambo madogo. Gata ishuke sentimita 1 kwa kila mita 2 kuelekea kwenye bomba. Ikiwa tambarare maji yatatuama na kuzaa mbu, na ikiinama sana upande mmoja utaachana na bati, maji yapite nyuma yake na kurudi ukutani. Vishikio visiachane zaidi ya mita 1. Maji ya kwanza baada ya kiangazi, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yamwagwe kabla bomba halijaelekezwa kwenye tanki. Mdomo wa tanki ufunikwe kwa wavu mdogo. Na kitako kijengwe kwa mawe na zege, kwa kuwa lita 5,000 ni tani 5, na tani 5 juu ya udongo uliolowa kando ya ukuta ni hatari mpya uliyojinunulia. Bomba la kumwagia ziada lipelekwe kwenye migomba, mbali na msingi.

Mbu nao hupita upenuni. Nafasi kati ya ukuta na paa, ambayo wazee waliiacha ili moshi utoke na hewa iingie, ndiyo njia kuu ya mbu wa malaria. Anafuata harufu na pumzi za waliolala, anagonga ukuta, anapanda nao hadi kwenye uwazi, anaingia. Korogwe inaujua ugonjwa huu kwa kina. Kituo cha utafiti cha NIMR kiko hapo, na watoto wa Korogwe walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009. Dawa rahisi inayotolewa na wengi ni kuziba uwazi huo kwa udongo. Mbu hupungua kweli, lakini chumba chini ya bati kinageuka tanuri, na mtu anayevuja jasho hutupa chandarua pembeni.

Jibu bora lilijaribiwa hapahapa mkoani Tanga, katika kijiji cha Magoda, upande wa Muheza. Wasanifu wa Ingvartsen kutoka Denmark pamoja na watafiti wa malaria walijenga nyumba sita za mfano, wakichukua mawazo kutoka nyumba za Asia ya Kusini-Mashariki. Vyumba vya kulala viliinuliwa kutoka ardhini, madirisha yakawekwa nyavu, na kuta zikawa za mianzi, mbao au wavu wa kivuli, ili hewa ipite na mbu asipite. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet Planetary Health. Nyumba za ghorofa zilikuwa na mbu pungufu kwa asilimia 96 kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na zile zisizo na ghorofa pungufu kwa asilimia 77. Zilikuwa na ubaridi zaidi pia. Watu wengi waliosoma habari hiyo walivutiwa na ghorofa. Mimi navutiwa na namba ya tatu: nyumba za kawaida zilizofanyiwa marekebisho tu zilipunguza mbu kwa asilimia 43. Hiyo ndiyo namba ya mwenye nyumba aliyekwisha kujenga na hana fedha za kujenga tena.

Kwake yeye kazi ni hii. Asizibe upenu kwa tope. Aweke wavu wa chuma au wa nailoni kuzunguka uwazi wote, akiubana kwa papi juu na chini, na madirishani vilevile. Mlango wa nyuma uwe na fremu inayofunga, kwa kuwa wavu wa upenuni hauna maana mbele ya mlango wenye mwanya wa vidole vitatu chini. Kuni zipikiwe kwenye banda la nje, maana moshi unaopita kwenye wavu huuziba kwa masizi na hewa hukoma. Wavu hutoboka, na tundu moja linatosha mbu wote, hivyo ukaguliwe pamoja na gata, mwezi Septemba, vuli ikikaribia.

Ukaguzi huo uuhusishe waya wa umeme, ambao kwa nyumba nyingi zilizounganishwa kupitia miradi ya umeme vijijini ya REA huingilia upenuni. Waya unaosuguana na ukingo wa bati kwa miaka, upepo ukiutikisa, huchubuka ganda lake, na siku bati likilowa paa zima, gata, na hata bomba la chuma la tanki vinaweza kubeba umeme. Waya uwe umeachana na bati, na kabla ya kuingia ndani ulegezwe kidogo uning'inie, maji yadondokee nje yasiufuate hadi kwenye mita. Mtu akiguswa na shoti kidogo anapoosha bati au kushika gata, asingoje ya pili: azime meini swichi, awazuie watoto wasiguse ukuta, bomba wala tanki, awaite TANESCO. Na fundi wa gata asiegemeze ngazi ya chuma upande unaoingilia waya mpaka umeme uwe umekatwa kutoka kwenye nguzo, kwa kuwa swichi ya ndani haizimi waya ulio nje.