Mtoto Asiyejua Mwisho

Adrien Atiman alitekwa akiwa mtoto karibu na Timbuktu, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako Mapadre Weupe walimkomboa. Walimpeleka Malta kusomea udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwa Kigoma, kwenye mwambao huu huu wa Ziwa Tanganyika. Aliishi huko hadi alipofariki mwaka 1956. Simulizi ya maisha yake, aliyoiandika mwenyewe, ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Nimeisoma mara mbili kwa ajili ya tasnifu yangu. Mara ya kwanza nilivutiwa. Mara ya pili nilikwazika. Anayesimulia ni tabibu wa karibu miaka 80. Anajua kwamba jangwa litaisha, kwamba atakombolewa, kwamba Karema inamngoja. Hivyo kutekwa kwake kunakuwa hatua ya kwanza ya safari njema. Mtoto aliyetekwa hakuwa na habari hiyo.

Mtego huo naujua. Nikiwa na miaka minane nilipandishwa treni Kigoma, nikaambiwa naenda likizo kwa ndugu. Nilikaa miaka minne, nikilea mtoto wa watu. Daftari nililolianza chuoni lilifunguka hivi: “Yote yalikuwa heri, maana ndiko nilikosomea.” Sentensi hiyo ilinifunga mdomo kwa miezi.

Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi mara tu walipomaliza, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Nikajaribu, kwa sharti moja: niandike yale tu aliyoyajua mtoto wa miaka minane. Yakaja: mfuko wa migebuka mikavu, mama asiyenitazama, honi ya treni.

Simlaumu Atiman. Mzee ana haki ya kuipa safari yake maana. Ila tawasifu si shajara. Tukizichanganya, tunajitangaza tumepona kabla hatujalia.

Nilimsomea mama ukurasa ule, nyumbani Ujiji. Hakuomba radhi. Aliuliza, “Ile migebuka uliila, mwanangu?”

Nikamwambia niliificha mpaka ikaingia wadudu. Hapo ndipo aliponitazama.