Tarehe Mosi Januari Isiyo na Shahidi

Mstari wa wakati wa historia ya taarabu, ambao wengi wetu tumekwisha kuutazama, ni kazi ya mtu mmoja aliyeitenda kwa mapenzi na kwa gharama yake mwenyewe, na kwa hayo anastahili shukrani. Lakini maadamu aliamua kuandika tarehe mosi Januari kila mahali alipoujua mwaka asijue mwezi wala siku, ameiharibu kazi yake kwa mkono wake.

Tuutazame mwaka 1928. Ni maarufu ya kuwa Siti binti Saad na wenziwe walisafiri Machi mwaka huo kwenda Bombay kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice, na mtungaji wa mstari ameuandika mwezi huo sawasawa. Kisha akataka kutaja kuuzwa kwa santuri hizo Unguja. Mwaka anao, mwezi hana. Basi katika jedwali lake akatia moja katika safu ya mwezi na moja katika safu ya siku. Programu, ambayo haina desturi ya kuuliza, ikapanga kama ilivyoamriwa: Januari santuri ziko madukani watu wanazigombania, Machi waimbaji ndio kwanza wanapanda chombo! Bonyeza mshale uone mwenyewe. Tena, kwa kuwa Siti alizaliwa Fumba takriban mwaka 1880, naye amepewa mosi Januari yake, na katika ukurasa wa kifo chake, 8 Julai 1950, tunasomeshwa bila haya kwamba aliishi miaka 70, miezi 6 na siku 7.

Laiti angalilazimishwa, tungalimsamehe. Programu aliyoitumia, TimelineJS ya Knight Lab, hudai mwaka peke yake. Mwezi na siku huachwa tupu bila ya dhara, na iko safu ya kuandikia tarehe kwa maneno, ambayo ndiyo aisomayo mtazamaji, ilhali tarakimu zinabaki kwa kazi ya kupanga tu. Angetia 4 katika safu ya mwezi, akaandika kwa maneno "baada ya Machi 1928", mambo yakakaa mahali pake na uongo usiwepo. Tena iko njia ya kupanga bila ya tarehe: mafundi wa santuri wa zamani, ambao siku hizi hawatajwi, waliuchora juu ya santuri, karibu na karatasi ya jina, mfululizo wa nambari ambao aghalabu humwambia mtafiti wimbo upi ulitangulia upi, pasina tarehe hata moja. Nambari hizo mtungaji wetu hakuzigusa.

Kutenga Unguja, Mombasa na Tanga kwa safu ya makundi amefanya vyema. Ila Tanga, kama nilivyokwisha kulalamika mara nyingi na nitakavyolalamika tena, imepewa ukurasa mmoja wa kubanana, vikundi vya Black Star na Lucky Star pamoja, na mwimbaji Shakila pembeni kama mgeni mwalikwa, ilhali picha za mapambo zimejaa tele kwingineko.

Sasa twaahidiwa kwamba mstari utarudishwa nyuma hadi zama za Sayyid Barghash, sultani wa Unguja aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, na hapo ndipo ninapoingiwa na hofu zaidi, kwani hati za zama hizo nyingi ni za hijria. Hata kabla ya zama hizo, mshairi Mwana Kupona alipoutia utendi wake tarehe aliutaja mwaka 1275, akaishia hapo, wala hakujitungia siku ya kupendeza macho. Mwaka huo ulianza Agosti 1858 ukaisha Julai 1859. Wa kuupokea kwa amana ataandika mwaka wa kuanzia na mwaka wa kuishia, safu zote mbili zipo. Mtungaji wetu, kwa kanuni yake, ataandika 1 Januari 1858, siku ambayo 1275 ilikuwa haijaingia, watu wangali katika 1274.